Somo wetu tumsherehekee lini: 31 Mei au 3 Juni?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo hapa Mwanza, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Noe Mawaggali. Kila ikikaribia Juni tunabishana. Wengi wanataka tusherehekee tarehe 3 Juni pamoja na Mashahidi wote wa Uganda. Mzee mmoja anashikilia kwamba hiyo ni siku ya Karoli Lwanga, na kwamba Noe alikufa 31 Mei. Mwaka jana vijana waliigiza Noe akichomwa moto Namugongo, mzee akasimama katikati ya mchezo akasema wamekosea. Nani yuko sahihi? Na kwa nini Kanisa liliwaweka siku moja watu ambao hawakufa siku moja?

Jibu: Milele amina, dada yangu. Mzee wenu yuko sahihi juu ya kifo, na wengi wenu mko sahihi juu ya sikukuu. Waliokosea ni vijana peke yao, nao msiwalaumu sana, maana kosa lao limeenea kila mahali. Nimefundisha historia ya Kanisa kwa makatekista miaka mingi, na kila darasa jipya nikiuliza Mashahidi wa Uganda walikufaje, naletewa jibu lile lile: walichomwa moto Namugongo. Wakatoliki waliotangazwa watakatifu ni 22. Waliofia Namugongo ni 13. Tisa walikufa kwingine na kwa namna nyingine, na katika hao tisa yumo somo wenu.

Noe hakufika Namugongo. Hata safari ya kwenda huko hakuianza. Aliuawa Mityana, magharibi ya Kampala ya leo, tarehe 31 Mei 1886, siku tatu kabla ya ule moto mkubwa. Alipigwa mikuki, akafungwa kwenye mti, mbwa wakaachiliwa wamrarue. Hakuna moto katika habari zake.

Kwa kuwa ni somo wenu, ngoja nikueleze alikuwa nani, kisha tutafika kwenye kalenda.

Noe alikuwa mfinyanzi. Ukisoma orodha ya mashahidi hawa utaona wengi ni vijana wa ikulu, waliohudumu mbele ya kabaka, mfalme wa Buganda. Noe hakuwa mtu wa ikulu. Aliishi Ssingo, nchi ambayo Mityana imo, akiwafinyangia vyombo watu wa mtawala wa eneo lile. Mtu wa udongo na mikono, umri wake kama miaka 35. Alibatizwa 1 Novemba 1885, kwa hiyo tangu maji ya ubatizo hadi damu haikupita hata miezi saba.

Imani aliipata kwa jirani zake kabla ya kuipata kwa padri, na hapa ndipo ninapowaomba watu wa jumuiya ndogo ndogo mtulie kidogo. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, Padri Simeon Lourdel akiwa wa kwanza pamoja na Bruda Amans. Novemba 1882 hali ya ikulu ikawa ngumu, wakaondoka wote. Wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, na mwaka uliofuata wakawa wamekaa Bukumbi, huko kwenu, dada yangu. Hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakristo wale walikuwa hawana Misa wala kitubio. Waliwabatiza wanaokaribia kufa, wakafundishana, wakasali. Ikulu aliongoza Yosefu Mukasa Balikuddembe. Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake. Mityana waliongoza Matia Mulumba na Luka Baanabakintu, ambao wote wawili walikuwa wamebatizwa siku moja, 28 Mei 1882.

Huyu Matia Mulumba mumjue pia, maana huwezi kumweleza Noe bila yeye. Alikuwa Msoga kwa kuzaliwa, akatekwa utotoni pamoja na mama yake, akakulia katika nyumba ya Waganda. Alipokuwa mtu mzima aliingia kwanza katika Uislamu, akasikiliza baadaye mafundisho ya Waprotestanti, mwishowe akafika kwa Wakatoliki na akabaki. Ni mtu aliyetafuta kwa miaka mingi. Nyumba yake Mityana ndiyo iliyokuwa kanisa. Noe alitoka katika mikono ya watu hawa. Nawaambia makatekista wangu kwamba yeye ni tunda la jumuiya iliyosali bila padri.

Mei 1886 ilipofika, Mulumba na Luka walikuwa mjini, makao makuu ya kabaka. Wakakamatwa huko. Mulumba alipelekwa kuuawa Kampala ya zamani, na sina maneno laini ya kusema alivyouawa. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya mwili na kuvichoma mbele ya macho yake, kisha wakazikaza jeraha zake ili damu isitoke upesi. Wakamwacha porini. Hiyo ilikuwa 27 Mei. Anakumbukwa kuwa alikufa 30 Mei. Siku tatu, peke yake, kwenye jua. Wakati wanampeleka mbele ya katikkiro, yaani waziri mkuu, aliulizwa kwa dhihaka kama Mungu wake atamwokoa, naye akajibu kwamba Mungu atamwokoa, ila wao hawataona anavyomwokoa, kwa sababu ataichukua roho na kuwaachia mwili.

Mityana walibaki Noe, wanawake na watoto. Kesho yake baada ya Mulumba kufa, kundi la wavamizi lililotumwa na ikulu likaingia kijijini kuwasaka Wakristo na kupora nyumba zao. Kiongozi wake aliitwa Mbugano. Noe angeweza kukimbia. Alitoka akakutana nao.

Alikuwa na dada yake, Munaku. Ninasikitika kila mara kwamba hata parokia zenye jina la Noe hazimjui. Munaku aliposikia kaka yake ameuawa hakujificha. Aliwafuata wauaji akajitambulisha kuwa naye ni Mkristo, dada wa yule waliyemuua. Mbugano akamchukua mateka, akajaribu kumbembeleza awe mke wake, akajaribu na vitisho, akashindwa. Baadaye wamisionari walimkomboa. Hakuolewa maisha yake yote. Aliishi akilitumikia Kanisa hadi uzeeni. Yeye hayumo katika orodha ya mashahidi kwa sababu hakuuawa, lakini huwezi kuisimulia 31 Mei ukamwacha nje.

Sasa wengine wanane ambao hawakufia Namugongo, kwa ufupi, ili mzee wenu apate haki yake. Mulumba nimekwisha kumsimulia, wamebaki saba. Wa kwanza kabisa ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu. Kabaka Mwanga, aliyerithi kiti baada ya Mutesa kufa Oktoba 1884, aliamuru Askofu Mwanglikana James Hannington auawe Busoga, na akauawa 29 Oktoba 1885. Balikuddembe alimkemea kabaka usoni kwa damu hiyo. Kisha alikuwa amewakinga vijana aliowasimamia wasitumiwe na kabaka kwa tamaa zake za mwili, na hilo lilimchoma Mwanga zaidi. Tarehe 15 Novemba 1885 alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa Nakivubo. Aliacha ujumbe kwa kabaka: umenihukumu bila kosa, nimekusamehe, lakini utubu. Soko kubwa la Kampala ambalo wengi mnalijua kwa jina la Owino limepewa jina lake. Watu wananunua mitumba pale kila siku na jina la shahidi wa kwanza liko juu ya vichwa vyao.

Usiku ule ule baada ya kifo chake kijana Karoli Lwanga, aliyechukua nafasi yake ya kuwasimamia vijana, alikwenda kwa mapadri kubatizwa. Wapo wanaobatizwa wakiwa na hofu ya kufa. Huyu alibatizwa kwa sababu mwenzake amekwisha kufa.

Halafu ikaja wiki ya Mei. Jioni ya 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda, akamkuta Dionisi Ssebuggwawo amekuwa akimfundisha dini kijana mwingine, mtoto wa katikkiro. Alimchoma mkuki kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamkabidhi kwa wauaji wammalize. Tarehe 26 akauawa Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma na rafiki wa kabaka. Katikkiro alimchukia kwa sababu aliwafundisha dini watoto wake, na akasema hatakula chakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa. Aliletewa. Siku hiyo hiyo Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani, Ttakajjunge. Tarehe 27 aliuawa Atanasi Bazzekuketta pale Nakivubo, palipomwagwa damu ya Balikuddembe, na Gonzaga Gonza akauawa Lubowa, akiwa hawezi tena kutembea kwa minyororo iliyomla miguu. Ilikuwa desturi ya wauaji wa kabaka kwamba msafara wa waliohukumiwa ukipita njia panda, mmoja auawe hapo. Kwa hiyo njia yenyewe kutoka Munyonyo hadi Namugongo ina damu, na wanaohiji kwa miguu siku hizi wanaikanyaga bila wengi wao kujua.

Wa mwisho ni Yohana Maria Muzeeyi. Aliuawa 27 Januari 1887, miezi karibu minane baada ya Namugongo, wakati wengi walidhani dhoruba imepita. Aliwahudumia wagonjwa, aliwanunua watumwa na kuwaacha huru. Alikatwa kichwa na mwili ukatupwa kwenye kinamasi.

Ukihesabu, dada yangu, toka Novemba 1885 hadi Januari 1887, utaona ushahidi wao ulichukua miezi kumi na minne. Tarehe 3 Juni ni siku moja katika miezi hiyo.

Basi kwa nini siku hiyo? Kwa sababu ndiyo siku waliyokufa wengi kwa pamoja. Wauaji walikuwa wamewaweka waliohukumiwa Namugongo kwa wiki nzima, wamefungwa, huku kuni zikikusanywa. Siku iliyochaguliwa ikaangukia Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886, na mwaka ule hiyo ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Wauaji hawakujua wala hawakujali. Waliofungwa walijua.

Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake kwa moto wa polepole kuanzia miguuni. Inasimuliwa kwamba alimwambia aliyekuwa akimchoma: ni kama unanimwagia maji, nawe utubu uwe Mkristo. Wenzake kumi na wawili walifungwa katika mafungu ya matete wakawekwa juu ya tanuri moja. Ninapenda majina yao yatajwe, maana maneno "na wenzake" yamewameza: Luka Baanabakintu, aliyeletwa kutoka mikononi mwa katikkiro baada ya rafiki yake Mulumba kuuawa, Yakobo Buuzabalyawo, Gyaviira, Ambrosi Kibuuka, Anatoli Kiriggwajjo, Akileo Kiwanuka, Mugagga, Adolfu Mukasa Ludigo, Bruno Sserunkuuma, Mukasa Kiriwawanvu, mkatekumeni ambaye hakuwahi kubatizwa kwa maji na ubatizo wake ulikuwa damu yake, Mbaga Tuzinde, jamaa wa karibu wa Mukajanga, mkuu wa wauaji, na Kizito, mwenye umri wa miaka 14. Mukajanga alimsihi Mbaga akane tu kwa mdomo, afichwe. Mbaga alikataa. Mukajanga akaagiza apigwe rungu shingoni kwanza ili asiusikie moto. Ndiyo huruma pekee iliyopatikana siku ile.

Kizito, Mbaga, Gyaviira na Mugagga walikuwa na ubatizo wa wiki moja. Karoli Lwanga aliwabatiza Munyonyo usiku wa kuamkia hukumu, kwa sababu aliona hapatakuwa na siku nyingine.

Tunajuaje yote haya? Kwa sababu watatu kati ya vijana Wakatoliki waliopelekwa Namugongo waliondolewa dakika za mwisho wakaishi: Denis Kamyuka, Simeon Ssebuta na Charles Werabe. Waliyaona kwa macho, wakasimulia, na ushuhuda wao uliandikwa na kuchunguzwa kabla ya Papa Benedikto XV kuwatangaza mashahidi hawa wenyeheri tarehe 6 Juni 1920. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Na juu ya moto ule ule waliungua pia vijana Waanglikana. Waanglikana wanahesabu mashahidi wao 23, kuanzia watatu waliouawa 31 Januari 1885, na wao pia huadhimisha 3 Juni. Paulo VI aliwataja katika mahubiri ya siku ile ya 1964. Mkiwa na majirani Waanglikana, waalikeni. Tarehe hii si yenu peke yenu.

Sasa kalenda. Kanisa tangu zamani huita siku ya kifo cha shahidi siku yake ya kuzaliwa, kuzaliwa mbinguni. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na mzee wenu anaisimamia. Lakini ipo hali ambayo kanuni hiyo haiwezi kufuatwa peke yake. Mashahidi wa Vietnam ni 117, walikufa katika muda wa zaidi ya miaka mia moja. Wote wana siku moja, 24 Novemba. Ungewapa kila mmoja siku yake, kalenda ingejaa. Kwa hiyo Kanisa huchagua tarehe moja, humtaja mmoja au wawili kwa jina, kisha husema "na wenzake". Karoli Lwanga ametajwa kwa sababu aliongoza kundi kubwa na alikufa siku hiyo. Haina maana kwamba wengine ni wasindikizaji wake. Waliotangazwa watakatifu Oktoba 1964 ni 22, kila mmoja kwa jina lake, na Noe ni mtakatifu sawasawa na Karoli.

Wakati mwingine tarehe ya kifo yenyewe huwa imekwisha kuchukuliwa. Paulo Miki na wenzake walisulubiwa Nagasaki, Japani, 5 Februari 1597, lakini 5 Februari ni ya Mtakatifu Agata, basi wao wanakumbukwa tarehe 6. Mfano ninaoupenda zaidi ni Kornelio, Papa, na Sipriano, Askofu wa Karthago. Kornelio alikufa uhamishoni Juni 253. Sipriano alikatwa kichwa 14 Septemba 258. Miaka mitano kati yao, na bahari kati yao. Wakati wa uhai wao waliandikiana barua wakitetea pamoja kwamba Wakristo walioanguka wakati wa dhuluma wapokewe tena wakitubu. Kanisa likawaunganisha: katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza mnawasikia wakitajwa mmoja baada ya mwingine, na siku yao ni moja, 16 Septemba, kwa kuwa tarehe 14 ni Kutukuka kwa Msalaba na 15 ni Mama wa Mateso. Waliwekwa siku moja kwa sababu ya kile kilichowaunganisha.

Noe yuko katika hali zote mbili kwa mara moja. Ana wenzake, na tarehe yake imechukuliwa: 31 Mei ni Sikukuu ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Hiyo ni sikukuu ya Kanisa zima na haiwezi kusogezwa kwa ajili ya somo wa jumuiya.

Lakini mwambie mzee asikate tamaa. Mbali na kalenda, Kanisa lina kitabu kingine, Martirolojia ya Kirumi, ambacho kinaorodhesha watakatifu kwa kila siku ya mwaka. Humo Noe Mawaggali yumo tarehe 31 Mei, siku aliyokufa, na Matia Mulumba yumo tarehe 30. Kanisa halijaisahau siku ya Noe. Linaiadhimisha 3 Juni, na limeiandika 31 Mei.

Kwa vitendo ningewashauri hivi. Misa ya somo wenu iombeni tarehe 3 Juni, mkipanga na paroko. Angalieni kalenda ya liturujia ya mwaka husika, kwa maana katika kalenda ya Kanisa zima 3 Juni ni kumbukumbu, na kumbukumbu ikiangukia Jumapili inapisha Jumapili. Ilitokea hivyo mwaka 2018. Mwaka 2026 inaangukia Jumatano, hakuna tatizo. Uganda wao wanaiadhimisha kwa daraja la juu zaidi, na ni siku ya mapumziko ya taifa zima, hivyo msishangae mkisikia wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanafanya tofauti. Kanisa la parokia lenye jina la mtakatifu lina haki yake maalumu ya kuadhimisha sherehe ya somo wake; jumuiya haina haki hiyo, ila ina nafasi kubwa ya ibada zake yenyewe. Tumieni nafasi hiyo jioni ya 31 Mei. Kutaneni nyumbani kwa mmoja wenu kama mnavyokutana kila wiki, msome Injili ya sikukuu hiyo, ile ya Maria na Elizabeti, kisha mtu mmoja asimulie kifo cha Noe. Tena ile ni Injili ya jamaa kwenda kwa jamaa yake kwa miguu, mlangoni. Noe aliipata imani kwa njia hiyo hiyo, mlango kwa mlango.

Kati ya 31 Mei na 3 Juni mna siku tatu. Jumuiya nyingine husali novena. Ninyi salini siku hizo tatu, moja kwa Noe, moja kwa Matia Mulumba, moja kwa Luka Baanabakintu. Ndio watatu wa Mityana, na Jimbo la Kiyinda-Mityana huko Uganda linawaenzi pamoja hadi leo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nisingemwandikia mtu wa Arusha au wa Songea, lakini wewe uko Mwanza. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Akakimbia kuvuka ziwa, akafika kwanza Magu, ambako hakupata amani, kisha akaomba hifadhi kwa Mapadri Weupe Bukumbi. Walimpokea. Ni wamisionari wale wale ambao alikuwa amewaulia watoto wao wa ubatizo miaka miwili tu kabla. Alikula na kulala chini ya paa lao, si mbali na mnaposalia ninyi. Baadaye sana, akiwa uhamishoni Shelisheli, alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akafa huko mwaka 1903. Ule ujumbe aliouacha Balikuddembe Nakivubo, nimekusamehe lakini utubu, ulimfuata hadi kwenye ziwa lenu na hadi baharini. Wapelekeni vijana Bukumbi siku moja, wakaone kwamba habari hizi si za nchi ya mbali.

Mchezo wao uendelee, ila waurekebishe. Waondoe moto na kuni. Waweke nyumba yenye vyungu, na watu wachache wanaosali bila padri. Waweke mti mmoja na watu wenye mikuki. Mzee wenu apewe sehemu ya Mulumba, umri wake unamfaa, na amekwisha kuonyesha kwamba hasiti kusimama. Na binti mmoja aigize Munaku: atoke kijijini peke yake, awafuate wauaji njiani, aseme kwa sauti ambayo watu wa benchi la nyuma wataisikia, mimi ni dada yake.